Ukinunua chombo kikuukuu, umenunua na roho za wavuvi

Sisi wa Visiga hatuna bahari. Tuna Barabara ya Morogoro inayopita katikati yetu, tuna mikorosho na mashamba ya mihogo, na tukitaka kuona maji mengi yanayotembea inatubidi twende mpaka Mto Ruvu, mbele ya Mlandizi. Hata hivyo, nawafahamu majirani zaidi ya mmoja wenye vyombo vya kuvulia samaki huko Kunduchi, Bagamoyo na Kigamboni. Wengine hawajui kuogelea. Wengine hata kukipanda chombo chenyewe hawajapata. Chombo ni mali yao, lakini wanaokwenda nacho baharini usiku ni vijana wa watu wengine.

Hilo ndilo nililolizungumza redioni wiki hii, na hapa nalirudia kwa kituo, kwa faida ya wale waliolikosa na wale walioomba walipate kwa maandishi.

Habari yenyewe kwa kawaida huanza hivi. Mtu anastaafu, analipwa mafao yake. Anafikiria kununua basi dogo, anaogopa matengenezo na trafiki. Anafikiria kufungua duka, anaogopa wakopaji. Ndipo anapotokea mtu wa kumwambia, "Mzee, nunua chombo. Samaki hawapaliliwi wala hawawekewi mbolea." Maneno hayo ni matamu. Na kwa kuwa chombo kipya ni ghali, anashauriwa atafute kilichokwisha kutumika.

Mimi siupingi ushauri huo. Chombo kikuukuu kilichotunzwa vizuri kinaweza kumlisha mtu na watoto wake kwa miaka mingi. Lakini chombo cha baharini si baiskeli. Baiskeli kuukuu ikikuharibikia Kwa Mathias, unaisukuma kwa mguu mpaka kwa fundi. Chombo kikifumuka mbao nje ya mwamba saa nane za usiku, hakuna wa kukisukuma. Na atakayekuwa ndani yake saa hiyo si wewe uliyekinunua. Wewe utakuwa umelala Visiga.

Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi anayetaka kununua kinachoelea hana budi ajue kwanza kimeundwaje.

Mtumbwi ni gogo moja lililochimbwa. Ngalawa nayo ni gogo lililochimbwa, aghalabu la mwembe, lakini imeongezewa matengo, yaani zile mbao za pembeni, moja kila upande, zinazoizuia isipinduke inapokwenda kwa tanga. Dau na mashua ni vyombo vya mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma. Mataruma ni mbavu za chombo, nazo zimesimama juu ya mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wake. Siku hizi ziko pia boti za faiba, ambazo hazina mbao nyingi isipokuwa sehemu chache za ndani.

Kwa uvuvi wa karibu na pwani, vyombo vyote hivyo vinafaa, kila kimoja kwa kazi yake. Ngalawa haidai petroli, kwani upepo hauuzwi. Boti ya mashine inawahi kwenda na kuwahi kurudi, lakini kila asubuhi inadai mafuta kabla haijakupa samaki. Kosa la wanunuzi wengi ni kuchanganya mambo. Mtu ananunua chombo kilichoundwa kwa tanga, kisha anakibebesha mashine kubwa. Mtetemo wa mashine unalegeza misumari, viungo vinaachana, na maji yanaanza kuingia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: chombo hiki kiliundwa kwa kazi gani?

Jambo la pili ni siku ya kwenda kukitazama. Usikubali kuoneshwa chombo kinachoelea. Kinachoelea kimeficha nusu ya habari zake chini ya maji, na nusu hiyo ndiyo yenye maana. Nenda wakati wa bamvua, siku zile za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3. Maji yakitoka, chombo hubaki kimelala ubavu juu ya mchanga, nawe unaweza kukizunguka, kuinama, na kuutazama mkuku kuanzia mbele hadi nyuma. Ukienda siku za maji mafu, utaambiwa, "Bahari haijatoka vizuri, lakini chini kuko salama." Mwambie muuzaji utarudi wiki ijayo.

Je, ukiinama utafute nini? Adui mkubwa wa chombo cha mbao katika maji ya chumvi ni mdudu anayetoboa mbao. Watu humwita mdudu au funza kwa sababu ya umbo lake refu, lakini wataalamu wanatuambia kwamba ni wa jamii moja na chaza na kombe. Huingia katika ubao akiwa mdogo sana, kwa kitundu kisichozidi kichwa cha pini. Akishaingia, hukua humo humo, akila njia yake kwa kufuata urefu wa ubao. Nje ubao unaonekana mzima. Ndani umekuwa kama sega la nyuki.

Wazee wetu walimjua adui huyu kabla ya vitabu. Ndiyo maana mpaka leo utaona wavuvi wakivuta chombo pwani, wakakikausha, kisha wakapitisha moto wa makuti chini yake. Huo si ushirikina. Ukavu na joto ndivyo vinavyomwua mdudu huyo. Baada ya hapo hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu kali, au deheni, ambayo ni mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Basi muulize muuzaji: mara ya mwisho chombo hiki kilipigwa moto lini? Mwenye chombo cha kweli atakujibu mara moja, hata mwezi atautaja. Anayebabaika amekwisha kukujibu pia.

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, kwenda kutazama dau katika mojawapo ya fukwe za kaskazini mwa Dar es Salaam. Dau lilikuwa limepakwa rangi ya kijani iliyokuwa bado inanuka. Mwalimu alifurahi. Mimi sina utaalamu wa uundaji, lakini tulikuwa tumemchukua fundi mzee, tena wa ufuo mwingine, kwa sababu fundi wa ufuo huo huo huenda ni shemeji yake muuzaji. Fundi hakuzungumza. Alitoa kisu, akageuza mpini, akaanza kugonga ubao mmoja mmoja kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Mahali pazima palilia kwa sauti kavu. Alipofika karibu na mkuku, sauti ikawa ya bubu, kama ya mtu anayegonga godoro. Akachomeka ncha ya kisu. Kisu kikazama mpaka nusu bila ya kusukumwa kwa nguvu.

"Mwalimu," alisema fundi, "hii rangi ndiyo iliyoshika ubao. Ubao haupo."

Muuzaji alikuja juu, akasema tunaharibu mali yake. Tulimwomba radhi kwa alama ya kisu, tukaondoka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi mpya kwenye chombo kinachouzwa si dhambi, lakini ni sababu ya kukwangua.

Fundi huyo alitufundisha mambo mengine njiani, nami nayatoa hapa kama nilivyoyapokea. Tazama misumari. Maji ya chumvi hula chuma cha kawaida upesi sana, ndiyo sababu vyombo vya baharini vinahitaji misumari iliyopakwa zinki au ya shaba. Ukiona mistari ya kutu inateremka kama machozi kutoka kila kichwa cha msumari, ujue msumari wenyewe ndani umekuwa mwembamba kama sindano. Tazama kalafati, yaani ile pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa kati ya ubao na ubao. Ikiwa imekauka na kutoka kwa ukucha, itabidi chombo kizima kishindiliwe upya, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa na fedha ya fundi. Simama nyuma ya chombo, funga jicho moja, utazame mkuku ulivyonyooka. Mkuku uliopinda kama mgongo wa mzee ni ugonjwa usio na dawa rahisi. Ubao mmoja mbovu hubadilishwa. Taruma moja lililovunjika huongezewa lingine pembeni. Lakini mkuku ukioza, unanunua kuni.

Kwa sababu hiyo pia, uwe mwangalifu na chombo kilichofanya kazi ziwani au mtoni. Yule mdudu mtoboa mbao wa baharini haishi katika maji baridi ya Ziwa Victoria, na chuma huko hakiliwi na chumvi. Kwa hiyo mtu aliyeunda chombo kwa ajili ya ziwa hakulazimika kujihadhari navyo. Kikiletwa baharini kikiwa na misumari yake ya kawaida na bila ya kupakwa chochote, kitazeeka mbele ya macho yako.

Boti ya faiba nayo haina mdudu, lakini ina maradhi yake. Gonga vivyo hivyo. Tafuta malengelenge upande wa chini, kwani hayo ni maji yaliyojipenyeza ndani ya faiba. Kisha nenda nyuma, pale panapofungwa mashine. Aghalabu ndani ya ukuta ule wa faiba kuna ubao, na maji yakiingia kupitia matundu ya bolti, ubao huo huoza bila ya kuonekana. Shika mashine kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma. Ukuta ukicheza, mashine hiyo siku moja itazama peke yake, na itaacha tundu nyuma yake.

Tukija kwenye mashine yenyewe, fika mapema kuliko mlivyopatana. Weka mkono juu yake. Ikiwa ya moto, imekwisha kuwashwa kabla yako, na mashine inayogoma asubuhi hufichwa ugomvi wake kwa njia hiyo. Iache ipoe, kisha iwashwe mbele yako. Tazama maji yanayotoka nyuma kama mkojo wa mtoto. Hayo ndiyo maji ya kupoza injini. Yakiwa hafifu au hayatoki, chumvi imeziba njia zake. Fungua oili ya gia utazame rangi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia. Muulize pia kama huwa anaisafisha kwa maji baridi baada ya kutoka baharini. Mashine ya maji ya chumvi isiyooshwa ni kama sufuria isiyooshwa, itatoboka tu. Mwisho, andika namba iliyogongwa juu ya mashine. Mashine za boti huibwa, na anayenunua ya wizi hupoteza fedha na huenda akapoteza uhuru wake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye karatasi. Uvuvi katika Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003. Chombo cha kuvulia kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na kiwe na leseni, nayo leseni hukatwa kila mwaka. Masuala ya ukaguzi na usalama wa vyombo vya majini yako chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo mwaka 2018 lilichukua kazi iliyokuwa ya SUMATRA. Linganisha namba iliyoandikwa ubavuni na namba iliyo kwenye cheti. Pita kwa ofisa uvuvi wa halmashauri, na pita kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufuo huo. Hao wanajua kila chombo, nani alikiunda, nani alikirithi, na ndugu gani bado wanagombea mirathi yake. Mkataba wa mauzo uandikwe mbele ya serikali ya mtaa, wala usiandikwe juu ya pakiti ya sigara.

Tena, ukiambiwa kwamba bei ni pamoja na nyavu, zifungue uzitazame. Ikiwa ni kokoro, hiyo ni zana iliyopigwa marufuku, kwa sababu inafagia hata samaki wachanga na kuharibu mazalia. Utakuwa umenunua kesi. Na ujue mipaka. Visiwa kama Bongoyo na Mbudya, vilivyo mbele ya Dar es Salaam, vimo katika hifadhi za bahari zilizotangazwa mwaka 1975. Vijana wako wakikamatwa humo, au wakikutwa na baruti, usiseme kwamba wewe ulikuwa Visiga. Chombo ni chako.

Yote yakienda vizuri, usilipe bado. Omba chombo kilale majini usiku mmoja na mchana mmoja. Chombo cha mbao kilichokaa nchi kavu muda mrefu huvuja mwanzoni, na hilo lisikutishe, kwa kuwa mbao zikinywa maji huvimba na kujibana. Lakini baada ya siku nzima, tazama ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Yafueni yote, kisha hesabuni saa. Maji yakirudi upesi, mmepata jibu. Halafu kitoeni nje kikiwa na uzito wa kazi, watu na nyavu na barafu, na upepo ukiwa umeanza kuvuma. Asubuhi bahari ikiwa shwari, hata kifuu huelea.

Sasa tupige hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, dau linauzwa shilingi milioni 3, na lingine lililo bora zaidi linauzwa milioni 5. Mstaafu wetu anaona ameokoa milioni 2. Lakini lile la milioni 3 linataka mbao sita, kalafati mpya, misumari na fundi, na kwa muda wote linapotengenezwa haliendi baharini na vijana wamekwenda kwa tajiri mwingine. Rahisi hailali bure. Kanuni nzuri ni hii: usitumie fedha zako zote kununua. Bakiza sehemu ya matengenezo, tena bakiza ya kutosha, kwa sababu chombo kikuukuu hudai siku kile unachokinunua.

Na katika sehemu hiyo uliyobakiza, cha kwanza kununua kiwe majaketi ya kujiokolea, moja kwa kila kichwa, kabla ya nyavu mpya. Nimekaa katika chumba cha habari kwa miaka mingi. Meli kubwa inapozama, taifa zima linasimama. Tulisimama kwa MV Bukoba mwaka 1996, na tulisimama kwa MV Spice Islander mwaka 2011. Lakini dau lenye watu wanne lisiporudi, mara nyingi habari yake haifiki hata ukurasa wa ndani. Inabaki ufukweni, kwa mama na kwa mke, wanaotazama upeo wa macho mpaka jua linazama.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hututumia tahadhari, nasi tunazisoma: upepo unaofikia kilometa 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia meta 2. Mwezi Mei mwaka 2024, Kimbunga Hidaya kilipolikaribia pwani yetu, tulizisoma mara kwa mara. Mvuvi anazisikia. Lakini mvuvi anayevua kwa chombo cha mtu mwingine anasikia pia sauti ya tajiri kwenye simu, ikiuliza kwa nini leo hakuna kitu. Kati ya sauti hizo mbili, mara nyingi ya tajiri ndiyo inayoshinda, kwa sababu ndiyo yenye unga wa kesho.

Kwa hiyo mwenye chombo ana maneno mawili ambayo ni lazima awaambie vijana wake siku ya kwanza, na awaambie mbele ya mashahidi ili wayaamini. La kwanza: nahodha akisema leo hatutoki, hakuna wa kumwuliza. La pili: mkiona ubao umelegea, niambieni siku hiyo hiyo, nami sitakata gharama yake kwenye mgao wenu. Mwenye chombo asiyeweza kusema hayo, hata akinunua dau jipya linalonukia mbao, vijana wake watakwenda nalo mpaka lioze, wakinyamaza.

Kwa wale wanaotaka kujifunza zaidi, hatuko mbali na elimu. Kutoka Mlandizi iko barabara ya kwenda Bagamoyo, na Mbegani kuna chuo cha Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Waundaji wazee nao wako katika kila ufuo, na malipo yao kwa kukutazamia chombo ni madogo kuliko bei ya ubao mmoja. Mchukue mmoja. Na siku ya kukijaribu chombo, mstaafu mwenzangu mtarajiwa, vaa jaketi, pandisha suruali, uingie ndani yake wewe mwenyewe. Ikiwa unaogopa kukipanda mchana, usimpandishe mtoto wa mwenzio usiku.